Makala Ambayo Bobini Aligoma Kuifuta

Kuna kaka wakubwa ambao hawakwambii wameamua. Wanakuja na futi. Kaka yake Bobini aliingia chumba cha mbele asubuhi, salamu haijakwisha, akaanza kupima ukuta kutoka mlangoni hadi dirishani. Aliruka mota mbili zilizokuwa zimefunguliwa sakafuni, akapiga teke kopo la mafuta ya cherehani, kisha akaandika vipimo kwenye kiganja chake kwa kalamu.

"Unapima nini, kaka?"

"Kuna mtu anauza vifaa vya simu, anataka chumba. Mlango unatazama barabara, kinamfaa sana."

"Na mimi je?"

"Wewe unakuja kukaa dukani kwangu. Kiti kipo, feni ipo, kazi ni kuuza rangi na brashi. Hii habari ya kuandikaandika kwenye kompyuta, mdogo wangu, tumeivumilia mwaka mzima. Umepata nini?"

Jibu lilikuwa la aibu. Kwa mwaka mzima malipo yaliingia mara moja tu, nayo yalitosha kununua kopo lile lililopigwa teke na pakiti mbili za sindano.

Jina hilo la Bobini, kile kigurudumu cha uzi kinachozunguka ndani ya cherehani, alipewa kiwandani. Alikuwa mfupi, na kutwa nzima alizunguka kutoka mstari mmoja wa mashine hadi mwingine, spana mkononi, akitengeneza cherehani za watu mia mbili. Alifanya hivyo miaka kumi na tisa, mwanamke pekee katika mafundi saba, na wale sita wengine walikuwa wakimwita kila walipokwama halafu wakimaliza wanasema walikuwa karibu kuligundua tatizo wenyewe. Kiwanda kilipofungwa, kila mtu aliondoka na chake. Chake Bobini kilikuwa kifundo cha mkono wa kulia kilichochoka kabisa. Aliweza bado kufungua cherehani na kusema ina ugonjwa gani. Kuzifunga tano kwa siku ili ale, hapana.

Lakini kuandika aliweza. Akafungua blogu. Kila cherehani aliyoipata, ya kuazima au ya kununua mbovu, aliifungua hadi skrubu ya mwisho, akaandika alichokiona ndani bila kumwonea mtu haya: hii gia zake ni plastiki, itakufia ukishona jinzi, hii mota yake ni ya kweli, nunua ulale usingizi. Chini ya kila makala aliweka linki ya duka moja la mtandaoni. Msomaji akiibonyeza na kununua, duka linampa Bobini kamisheni kidogo. Na hilo nalo alilieleza wazi, kwamba mkinunua kupitia hapa na mimi napata.

"Nipe mpaka mwisho wa mwezi," alisema sasa, akiliokota kopo.

Kaka alikunja futi. "Sawa. Mwisho wa mwezi ukiweza kutoa kodi kama atakayotoa yule mpangaji, nafunga mdomo wangu. Ukishindwa, unahamisha vyuma vyako."

Hapa msimulizi anaomba radhi kwa hasira zake, lakini jambo moja lazima lisemwe mapema. Nyumba ile iliachwa na mama yao, na mama aliiacha kwa watoto wote wawili. Ila kaka ndiye aliyekuwa na funguo na hati, na miaka ilivyopita akazoea kuongea kama mwenye nyumba, na Bobini, kwa kutotaka ugomvi, akazoea kusikiliza kama mgeni. Hata kodi ya vyumba viwili vya uani vilivyopangishwa hakuwahi kuuliza inaenda wapi.

Alifunga kibwebwe. Wiki mbili za kwanza aliandika makala sita. Kila asubuhi alifungua ukurasa wa takwimu na kila asubuhi ukamchoma roho: watu elfu mbili wamesoma, waliobonyeza linki ni wanne. Mmoja kati ya hao wanne alikuwa yeye mwenyewe, akijaribu kama linki inafanya kazi.

Siku ya kumi na tano alihitaji mkanda wa cherehani, akaenda sokoni kwenye safu ya mafundi nguo. Pale mwanzoni mwa safu alikaa fundi mmoja mnene, mcheshi, mbele yake cherehani mpya inayong'aa. Bobini alisimama. Ilikuwa ile ile aliyoisifia mwezi uliopita.

"Umechagua vizuri," alimwambia.

"Sikuchagua mimi, dada. Alichagua Bobini." Yule fundi alipiga mwili wa cherehani kwa kiganja. "Mota ya kweli, gia za chuma, na ukisikia inapiga kelele usiiongezee mafuta kwanza, angalia sindano. Si mimi tu. Safu hii nzima tumeagiza kumi na moja."

Bobini alianza kuhesabu kamisheni kichwani. Kumi na moja! "Mliagiza vipi?"

"Tulimpigia simu karani wa lile duka la mtandaoni, tukamtajia jina la mashine, akatuletea."

"Kwa nini hamkubonyeza linki?"

Mafundi watatu waliokuwa karibu waliacha kushona. Yule mnene alimtazama Bobini kana kwamba amemwambia wakaibe kanisani. "Linki? Wewe dada vipi? Bobini mwenyewe alishasema tusibonyeze."

Akatoa simu. Kwenye kioo kulikuwa na picha ya makala, imetumwa na kutumwa tena hadi herufi zimefifia. Bobini aliijua kabla hajaisoma. Ilikuwa makala yake ya kwanza kabisa, ambayo haikuhusu hata cherehani. Siku hizo wifi yake, mke wa huyo huyo kaka, alikuwa ametumiwa linki ya zawadi kwa jina la rafiki yake wa karibu, akaibonyeza, na akiba yake ya miaka mitatu ikaondoka kabla chai haijapoa. Bobini aliandika kwa hasira, na mwisho aliweka kwa herufi kubwa: LINKI USIIBONYEZE. HATA IKITUMWA NA RAFIKI. HATA IKITUMWA NA MIMI.

"Hii ndiyo tunampa kila fundi mpya," alisema yule mnene. "Mwenzetu wa pale mwisho ilimwokolea hela ya matibabu ya mwanawe. Kidole kilikuwa tayari kwenye kioo."

Bobini alicheka mpaka akashika meza ya watu. Kisha akasema yeye ni nani. Hakuna aliyeamini, kwa sababu wote walijua Bobini ni mwanamume mrefu mwenye miwani. Ilibidi aivue cherehani mfuniko pale pale, awatajie kila kilichomo ndani, ndipo wakaanza kumpa viti vitatu kwa mpigo.

Nyumbani kaka aliposikia alicheka zaidi, akakohoa, akafuta macho. Halafu, lazima tumpe haki yake, alisema neno la akili. "Sasa si jambo dogo hilo? Ifute makala. Andika nyingine, uwaambie linki zako ni salama. Dakika moja tu."

Bobini alikaa mbele ya kompyuta. Akaufungua ukurasa, akapeleka mshale hadi kwenye neno la kufuta, akauacha hapo. Wifi yake alikuwa amesimama mlangoni, beseni la nguo kiunoni. Tangu siku ile ya linki alikuwa amepunguza kusema, maana kila alipofungua mdomo mbele ya mumewe aliulizwa akiba iko wapi.

Jamani, alikitaka chumba kile. Alikitaka kwa roho yake yote. Alipomfikiria yule muuza vifaa vya simu akipanga kava zake pale mota zilipolala, kidole kilitaka kubonyeza. Lakini alimfikiria pia yule fundi wa mwisho wa safu, na kidole kilichokuwa tayari kwenye kioo.

"Sifuti," alisema.

"Basi unakikosa chumba."

"Nitakikosa. Lakini sifuti. Wezi bado wapo, kaka, na mimi nikiwaambia watu wabonyeze changu, watabonyeza na cha mwizi anayejiita mimi. Nenda kauze rangi."

Aliandika kwa duka akaomba wateja wanaopiga simu wahesabiwe kwa jina lake. Duka lilijibu kwa heshima na maneno matatu ya maana: mtambo unatambua linki. Bobini alisoma jibu lile mara mbili, damu ikamchemka, akafungua ukurasa mpya na kuandika makala fupi kuliko zote alizowahi kuandika.

"Msibonyeze. Pigeni simu dukani. Kabla hamjataja mashine, semeni mmetumwa na Bobini. Wakisema hawamjui, kateni simu, mpige tena kesho."

Yule fundi mnene aliipiga picha, akaituma kwenye kundi lao. Kundi likaituma kwenye makundi mengine. Siku mbili zikapita kimya, kaka akipita mlangoni na kujitia hamnazo huku akihesabu siku zilizobaki kwa sauti ya kusikika. Siku ya tatu mwanamke mmoja wa mji wa mbali alimwandikia kwamba amekata simu mara nne. Siku ya nane simu ya Bobini ililia.

"Mama, wewe ndiye Bobini?" Alikuwa karani wa duka, na sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye maji yamemfika shingoni. "Nakuomba uwaambie wateja wako waache kunipigia."

"Hawataki kununua?"

"Wanataka! Leo tu wamepiga thelathini na wawili. Nikisema sikujui wanakata."

"Basi nijue."

Karani alimwita mkubwa wake. Kisha simu ikachukuliwa na meneja, akaanza kueleza habari ya mtambo, na Bobini, aliyeishi na mitambo miaka kumi na tisa, akamwambia hakuna mtambo usioongezwa kitu na mtu mwenye nia. Nje ya dirisha wifi yake alikuwa ameacha kuanika, shati la kaka likidondosha maji mkononi. Meneja mwishowe alikubali. Karani ataandika jina la Bobini kwenye kila oda ya simu.

"Na zile kumi na moja za sokoni?"

"Zile zimeshapita, mama."

"Sawa. Basi tutapiga tena kesho."

Zikaingizwa na zile kumi na moja, na kabla mwezi haujaisha malipo yakaingia.

Siku ya mwisho wa mwezi kaka alikuja na futi yake na yule mpangaji, mtu wa makamo mwenye viatu vilivyopigwa brashi. Bobini alikuwa mezani. Alifungua droo akampa kaka hela mkononi, mbele ya mgeni. Kaka alihesabu, akarudia, uso ukaanza kupata nuru.

"Hii ni nusu tu."

"Ndiyo. Nusu yako."

"Na nusu nyingine?"

"Nusu nyingine nimeshamlipa mwenyewe. Nyumba hii mama aliiachia watoto wawili, kaka, na mmoja ni mimi. Jumapili ukija na hati tutaongea na habari ya vile vyumba vya uani."

Mpangaji alitazama viatu vyake, akasema atarudi siku nyingine, akaondoka bila kusindikizwa. Kaka alifungua mdomo. Kabla neno halijatoka, sauti ya mkewe ilisikika kutoka uani, kubwa na safi, sauti ambayo nyumba ile ilikuwa haijaisikia kwa muda mrefu: "Halo, dukani hapo? Nimetumwa na Bobini."

Kaka aliufunga mdomo. Bobini aliinuka, akaichukua ile futi mkononi mwake na kumrudishia ncha yake.

"Shika huku," alisema. "Nataka kuweka rafu ukuta huu wote."

Kaka akashika.