Mwewe juu ya Barabara ya Iga

Weye rafiki ya roho yangu, kaa karibu. Hii habari, kila nikiisema, moyo inanirukia tena.

Ilikuwa mu vita, wakati ya jua kali. Bwana yangu alikuwa amekwenda Iga Barrière kutafuta chumvi, na ile siku njo tulikuwa tunamungojea. Asubuhi tukaona ndege kubwa, nyingi, zinazunguka juu ya barabara ya Iga. Na moshi chini yao. Majirani wakaanza kufunga mizigo.

Dada mudogo ya bwana yangu, tulikuwa tunakaa naye, akatoka na godoro ku kichwa.

"Yaya, dada yangu mukubwa, tukimbie! Ile ni tai. Wanafuata maiti. Kaka yangu wameshamumaliza!"

"Ngoja kwanza, niangalie mukia."

"Watu wanakimbia, weye unaangalia mukia?"

Mu utoto nililindaka vifaranga ya mama. Tukipigia tai kelele, mama alikuwa anatucheka, maana tai inakula mizoga, haibebake kifaranga. Mwewe njo mwizi. Basi tulijifunza kuwatambua wangali mbali.

Nikapanda juu ya matofali kwa paseli, mu kiwanja yetu, nikaomba: Bwana Mungu, nipatie macho. Tai iko na mukia fupi, mabawa inanyooka kama ubao. Lakini hizi! Mukia ndefu, imegawanyika ku mwisho, inageukageuka kama usukani ya baiskeli. Halafu moja ikashuka mbio, ikapanda, ikaleta muguu ku mudomo, ikakula palepale mu hewa!

"Ni mwewe!" Karibu nianguke. "Mudogo wangu, tua godoro! Wanakula panzi!"

"Na ile moshi? Si nyumba wanachoma?"

"Nyumba iko na panzi? Ni wachungaji wa ngombe, wanachoma majani ya zamani ili mapya imee. Panzi zinakimbia moto, mwewe wanazikamata."

"Na kama umekosea?"

"Nikikosea, utanicheka njiani tukikimbia. Sasa ninapika sombe, majani ya muhogo, ya bwana yangu."

"Weye na mukia yako!" Lakini akaikalia godoro, palepale mu mulango, macho ku njia.

Sombe haijaiva, bwana akaingia, mweusi kwa masizi, anakohoa, chumvi ku bega.

"Wale wachungaji karibu wanichome! Na nani ametupa godoro mu mulango?"

Dada yake akamurukia, akamupiga mugongo kwa ngumi, analia, anacheka. Mimi nikaimba mpaka jirani mumoja akafungua tena mizigo yake.

Nakuomba, hii usiikalie peke yako. Wambie watoto wako, wambie wamama wa ku kisima: hata mu ile vita, kuko siku mutu alirudi kwake.