Kapita Anatua Mwisho

Mgodi uliposimama, ofisi yetu pale Kolwezi ilibaki na watu wawili: mimi karani, na kapita, msimamizi wa zamu ambaye hakuwa na zamu tena. Mhandisi mmoja mgeni alikuwa amekimbia akaacha kompyuta, na ndani yake mchezo wa ndege za vita. Umeme ukiwepo, tulirusha ndege.

Kapita aliongoza ndege nne: ya kwake, na tatu zilizoendeshwa na kompyuta yenyewe. Kupigana aliweza. Shida ilikuwa kutua. Akifika juu ya uwanja alianza kuzunguka, akisubiri zile tatu zitangulie. Miaka yote hakuwahi kutoka shimoni kabla ya mtu wake wa mwisho, na hakuona kwa nini angani kuwe na sheria nyingine.

"Mi kapita," alisema. "Kapita anatokaka wa mwisho."

Lakini kompyuta ilikuwa na adabu zake: wadogo hawatui kabla ya mkubwa. Basi akawasubiri, wakamsubiri, mafuta yakaisha, zote nne zikaanguka shambani kwa heshima kubwa. Ilikuwa hivyo kila siku. Akawa anafokea kioo cha kompyuta: "We namba tatu, shuka! Batoto yako banakungoya!" Mwanzoni nilicheka mpaka mbavu zikauma. Baadaye nilikasirika kweli.

"Tata, tua weye kwanza!" nilimwomba, nikimwita baba.

Hakutaka hata kusikia.

Kisha watu wa asili ya mkoa wa Kasai wakaambiwa na wakubwa wa mkoa wetu waondoke. Kapita alizaliwa Kolwezi hiihii, lakini baba yake aliletwa na mgodi kutoka Kasai, na hilo lilitosha. Vijana walipita na mawe kwenye nyumba za kampuni kule mtaa wa Dilala, alikokaa. Kapita akahamia stesheni na watu sita wa zamu yake, nao wa asili ya Kasai, wake zao na watoto, wakangoja treni juu ya magodoro. Kuhara kuliingia pale. Watoto wa majirani zao walikuwa wameanza kuzikwa, na mimi niliogopa sana.

Treni ya kwanza ilinikuta nimewapelekea unga. Kapita alisimama kando ya mlango wa behewa, akawaambia watu wake wapande.

"Weye kwanza, tata kapita."

"Hapana. Mupande."

"Hapana, tata."

Wengine wakajaza behewa, treni ikaondoka. Wanaume saba wazima wakabaki chini, wakipeana heshima. Treni ya pili ikawa vilevile.

Ya tatu ilipofika, nilimkamata kapita shati mbele ya watu wake, mzee wa umri wa baba yangu.

"Tata, mafuta inaisha! Tua!"

Alinitazama, na nilidhani atanipiga kofi. Akapanda. Papo hapo wakapanda nyuma yake, namba mbili, namba tatu, wote, na wake zao, na watoto, na magodoro. Nilikuwa na furaha na hasira kwa pamoja.

Treni ilipoanza kutembea alikuwa mlangoni, akihesabu watu wake kwa kidole. Alipomaliza, kidole kikaja mpaka kwangu, pale chini. Mimi si mtu wa Kasai, hakuna aliyenifukuza.

"Bado mumoja!" akapiga kelele, akatoa mguu nje ashuke.

Watu wake sita wakamkamata shati.