Kuku Niliyemwacha Kalembe

Mimi hukusanya baiskeli za zamani za Waingereza, zile nyeusi zenye breki za vyuma. Ile niliyoachiwa na babu ilikuwa na rimu mbovu nyuma. Juzi niliisukuma hadi Kalembe kwa shangazi, nikiwa nimemfunga kuku wangu kwenye kikapu cha nyuma, mahali anapolala kila siku. Nilitaka kumbadilisha na rimu.

Karibu na nyumba moja ya mbao niliona rimu ya Kiingereza imetundikwa mtini. Kwetu fundi wa baiskeli hutundika rimu hivyo ili ajulikane. Mlango ulikuwa umefungwa, nami naona haya kuita watu. Nikaichukua, nikamfunga kuku chini ya mti.

Jumapili nilienda kusali na shangazi, nikiendesha baiskeli yangu yenye rimu hiyo taratibu ili watu waione. Tukafika kwenye nyumba ileile ya mbao. Ndilo lililokuwa kanisa.

Watu walichelewa sana. Katekista akasimama mbele, kuku wangu mkononi.

“Muntu amebeba rimu yetu ya kupiga, njo kengele ya kanisa. Ametuachia kuku. Kuku iko naweza kuita bakristu?”

Walicheka.

“Papa, mufungue,” mama mmoja akasema. “Atatuonyesha kwabo.”

Kuku akapita karibu na miguu yangu bila kusimama. Nikashusha pumzi. Akatoka nje, akaruka juu ya kikapu cha baiskeli yangu, akatulia.

“Hii kinga ni ya nani?” katekista akauliza kutoka mlangoni, akiionyesha baiskeli.

Shangazi akasimama kwa fahari.

“Ya mutoto wangu, Papa. Njo huyu.”