Nani Alikuwa Anamroga Kambare Wangu

Sisi tuliozaliwa Ufipa wakati wa Mwingereza tulifundishwa kushuku kabla hatujafundishwa kufunga nguo vizuri. Ukinyolewa, unaziokota nywele zako mwenyewe na kuzifukia. Ukipewa ndizi njiani na mtu usiyemjua, unasema asante, unakata kona, unaitupa. Bibi yangu mzaa baba alikuwa akituambia, "Chekeni na watu, lakini macho yasicheke." Wajukuu zangu wa leo wanakipiga picha chakula chao kabla hata ya kukila, wanaionyesha dunia nzima, halafu tumbo likiwauma wanashangaa. Mimi sishangai.

Masomo yangu yaliishia darasa la pili, pale misheni, lakini kumbukumbu zangu sikuazima kwa mtu. Nakumbuka baridi ya mwezi wa sita, umande umekaza kwenye majani hadi nyayo zinauma, na sisi tunakimbilia mavi ya ng'ombe yaliyoanguka sasa hivi ili tupashe miguu moto. Msicheke, nanyi mlifanya hivyo. Nakumbuka yale matuta yetu ya mviringo, majani tunayafukia ndani yaoze, halafu juu tunapanda maharage. Nakumbuka ugali wa ulezi, mweusi, unaokaa tumboni mpaka kesho. Watoto wa siku hizi ukiwapa wanauliza kama umeungua.

Basi baba yangu mdogo alikuwa utingo kwenye lori la mfanyabiashara mmoja Mwislamu wa Sumbawanga mjini, lililokuwa likiteremka Kipili, ziwani Tanganyika, kufuata dagaa na migebuka. Safari moja akarudi na vitu viwili: mke kwa ajili yake, na samaki hai ndani ya debe kwa ajili yangu. Mke aliitwa Skolastika, mwembamba, macho chini. Samaki alikuwa kambare mamba, mtoto bado, urefu wa kiganja changu. Ndugu zangu, sijaona kiumbe kama kile tena. Miguu minne kama nyuzi, na nyuma ya kichwa vishada vyekundu vimesimama kama manyoya. Kwa ule wekundu nilimwita Askofu. Bibi alinipiga kofi kwa kukufuru, lakini jina likabaki.

Baba mdogo alisema, "Mpe maji, mpe minyoo," akaparamia lori lake, akaenda. Hakusema zaidi. Wanaume wale.

Sasa maji kwetu yalikuwa na sheria zake. Mtoto wa kike akileta mtungi usiojaa ni mvivu, hataolewa. Na maji hayakai wazi, maana yaliyo wazi yanangoja mkono wa adui. Kwa hiyo Askofu aliwekwa kwenye mtungi mkubwa, ukajazwa mpaka mdomoni, juu ukafunikwa kwa bakuli la udongo lililokaa sawasawa, hata sisimizi asipate pa kupita. Tulimheshimu kama maji yetu ya kunywa.

Haikupita wiki akaanza kuugua. Minyoo hali. Mwili umeota utelezi mweupe, vishada vimelala, anageuka ubavu kama mlevi. Nilimchemshia uji wa ulezi, nikaupoza, nikamtilia tone moja tone moja. Bibi akatia majani machungu. Shangazi Felista, dada yake baba, akaufunga mtungi uzi mweusi kiunoni. Askofu akazidi kufa.

"Huyu karogwa," akasema Shangazi. "Na aliyemroga hajatoka mbali."

Tukaanza kutazamana. Tulimshuku mzee jirani aliyeomba moto mara mbili asubuhi moja. Tulimshuku paka. Hata mama yangu nilimtazama vibaya, kwa kuwa alikuwa amesema mtungi wake mzuri unaharibika kwa shombo. Kadiri tulivyoshuku ndivyo tulivyofunika, na juu ya bakuli nikaweka jiwe.

Halafu nikamwona Skolastika. Alfajiri, wakubwa wamekwenda shamba, anaondoa jiwe, anafunua, anachota maji kwa kibuyu na kuyamwaga, kisha anainama kutazama ndani kwa muda mrefu. Akamaliza, akafunika kama alivyokuta. Shangazi naye, kumbe, alikuwa nyuma ya ghala anaona. Na jambo la kutisha ni kwamba kila Skolastika alipofanya hivyo, Askofu aliamka kidogo. Mimi nikajaza tena mtungi, nikafunika, jioni akalegea.

"Mnaona?" Shangazi akanong'ona. "Mchawi ndiye anayekaza, ndiye anayelegeza."

Mtauliza, kwa nini hakuulizwa? Angejibu nini! Nyumbani kwetu mke mpya hasemi mbele ya mama mkwe mpaka apewe mafiga yake matatu, apike jikoni kwake. Anayetangulia kusema anarudishwa kwao akafundwe upya. Skolastika alikuwa bado anapika kwenye jiko la Bibi, na mdomo ameufunga kama alivyofunzwa na mama yake.

Ikafika siku Shangazi akakanda udongo, akauziba mdomo wa mtungi pande zote, bakuli na mtungi vikawa kitu kimoja. "Tuone ataingilia wapi. Lori likirudi, linarudi naye Kipili." Bibi alikaa kwenye kigoda, anatazama. Skolastika alikuwa amepiga magoti anasaga ulezi. Nikasikia Askofu anagonga ndani. Tuk. Tuk. Nikalia.

Jiwe la kusagia likasimama. Skolastika akaja mbele ya Bibi, akapiga magoti, unga mikononi, akaonyesha mtungi. Akavuta pumzi kwa nguvu, akaonyesha tena.

"Anamwita mchawi mwenzake huyo," Shangazi akacheka.

Ndipo tukasikia sauti ambayo hakuna aliyekuwa ameisikia pale nyumbani.

"Mama, mnamzamisha. Huyu samaki anapanda juu kuvuta pumzi, kama mimi, kama wewe. Mkijaza na kuziba, anakufa maji."

Mama yangu aliangusha ungo. Hakuna aliyekumbuka samaki wakati ule, wote tulikuwa tunatazama ule mdomo uliosema. Bibi akainuka mwenyewe, akachukua jembe, akabomoa udongo, akatupa bakuli kando. Skolastika akachota, akamwaga, akachota, akamwaga, mpaka maji yakashuka nusu. Askofu akapanda taratibu, akatoa pua, akafyonza hewa kwa kelele kama mzee anayekunywa uji wa moto.

"Haya, kapona," akasema Shangazi. "Amejuaje?"

"Kwao wanawavua, Felista. Wewe umejuaje kupalilia ulezi?"

"Lakini amesema, mama. Amesema mbele yako."

Hilo lilikuwa kweli. Skolastika alikuwa amerudi magotini, maana alijua alichokivunja.

"Amesema," Bibi akajibu. "Siwezi kumrudishia maneno mdomoni. Nileteeni mafiga matatu."

Jioni ile Skolastika alipika ugali wake wa kwanza kwenye jiko lake, ukawa na madonge, na Bibi akaumaliza wote akimkazia macho Shangazi. Askofu aliishi mpaka mvua zilipochanganya. Akanenepa, vishada vikapungua, akanitoboa kidole kwa meno. Siku moja mtungi ukakutwa mtupu. Shangazi akasema ameyafuata maji ya kwao. Mimi niliitazama midomo ya Shangazi ilivyong'aa mafuta, na mpaka leo nina mawazo yangu.

Siku hizi naona watu wa mjini Sumbawanga wamejenga kuta, juu wamepanga chupa zilizovunjika. Wajukuu zangu wananisomea kwenye simu jinsi fulani anavyosemwa, mwizi, mchawi, malaya, na wanaomsema hawajawahi kumwona. Sisi tulishukiana, siwadanganyi, tena tulishukiana sana. Ila tuliyemshuku tulikuwa tunakula naye chungu kimoja, anatuona, tunamwona, na siku uvumilivu ukimwisha anajua apige magoti mbele ya nani. Wewe wa leo ukishukiwa na simu, mwanangu, utakwenda kupiga magoti uwanjani kwa nani?