Choo Kisafi Kuliko Vyote Kimali

Baba yangu, Luhaga, alikuwa mchimbaji. Kimali nzima, ukitaka kisima, unamwita Luhaga. Ukitaka shimo la nguzo, Luhaga. Ukifiwa, Luhaga huyo anakuja na sururu begani kabla hujamtuma mtu. Hakuwa msemaji. Mimi Felisita, binti yake wa kwanza, ndiye niliyerithi maneno yote aliyoyabana yeye, na mume wangu kule Nyalikungu atakuambia hivyo bila kuulizwa.

Kiangazi cha mwaka 1995 bwana afya, Joakim, alipita kijijini akisema kila kaya iwe na choo. Wengine walichimba kishimo cha kufukia kuku wakakiita choo. Baba alichimba futi kumi na mbili, kaka yangu Mayala akiwa juu anavuta udongo kwa debe na kamba. Wakapanga magogo, wakasiriba kwa udongo wa kichuguu, wakaweka mfuniko na mlango wa bati. Kilikuwa kizuri kuliko nyumba ya mwenyekiti wa kijiji, na sisemi uongo.

Kilipokwisha tu, Mayala akaondoka. Makampuni ya watu binafsi yalikuwa yameruhusiwa kununua pamba, malori yanapishana barabarani, vijana wote wanakimbilia kazi ya kupakia. Akamwacha mkewe Kwandu na mtoto wao Limbu hapo kwa baba. Mama yetu alishatangulia zamani.

Mvua zilipoanza, Limbu akaharisha siku tatu, akafa. Alikuwa na miaka miwili. Mtoto mdogo huzikwa upesi na watu wachache; mimi habari zilinifikia baada ya wiki. Nililia mpaka sauti ikakauka.

Oktoba iliyofuata nikaenda kuwasaidia kuandaa mashamba. Kwandu alikuwa amejaliwa mtoto mwingine, Salu, wa miezi mitano. Nilipompokea nikamkuta mwepesi mno.

"Tumbo linamwendesha," Kwandu akasema taratibu. "Na mvua hata bado, wifi."

Alikuwa anaziogopa mvua, kwa sababu ndizo zilizomchukua Limbu, na mimi nikaanza kuziogopa pamoja naye.

Jioni hiyo nikaenda chooni. Jamani! Choo cha mwaka mzima na zaidi, kinanuka udongo mtupu. Nikainua mfuniko: utando wa buibui umetanda kwenye tundu, haujakatika hata uzi. Haja yenyewe ikaniisha.

Nikamfuata Kwandu jikoni. "Mayu, mama yangu, ninyi mnakwenda haja wapi?"

Akaangalia moto. "Wifi, nitaingiaje anakoingia baba mkwe?"

Nikamwelewa, maana nami nimeolewa. Kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe hawashikani mkono, hawali pamoja, hawasemezani ila kwa kupitia mtu, na wakikutana njiani mmoja anapisha kwenye majani. Sembuse tundu moja la choo! Basi Kwandu kila alfajiri alishika jembe akaenda vichakani. Lakini buibui yule alikuwa ananiambia kwamba hata mzee haingii.

Nikamkuta zizini. "Baba, choo kile umemwachia nani?"

Akakohoa. "Nilipoona mke wa mwanangu haingii, nikajua ananistahi. Nikamwachia. Mimi mzee, pori linanitosha."

"Na umemwambia?"

"Nimwambie nini mkwe wangu, Felisita? Habari za chooni?" Akanigeuzia mgongo, akaanza kuhesabu ndama ambao wote tuliwajua ni wanne.

Ndivyo ilivyokuwa. Kila mmoja anamheshimu mwenzake, wote wawili wako porini, na visima vyetu vya kufukua mchangani viko bondeni, chini ya pori hilo hilo. Mvua ikinyesha, kila kitu kinashukia huko. Joakim alikuwa amelieleza jambo hilo mikutanoni mpaka mate yakamkauka, na baba alikuwa anaitikia kwa kichwa, kwa kuwa choo anacho. Nikamrudia Kwandu, nikamwambia mzee haingii kabisa. Bure.

"Yaya, wifi," akakataa. "Hata asipoingia, alijichimbia mwenyewe. Ni chake."

Nilitamani kuwafungia humo wote wawili! Nikawa nachemsha maji ya Salu, lakini nilikuwa nimeaga nyumbani kwangu wiki mbili tu.

Wiki ya pili Joakim akaja na mwenyekiti kukagua vyoo. Aliingia cha baba, akatoka uso umemkunjuka. "Hakina harufu! Hakina hata nzi!" Nzi aje kula nini? Watu wakajaa uani. Joakim akatangaza kwamba hiki ndicho choo kisafi kuliko vyote Kimali, akamnyooshea baba mche wa sabuni na karatasi yenye mhuri.

Nikamtazama baba. Ni mtu ambaye sifa ya kazi yake ndiyo mali yake. Nikasema moyoni, ataipokea, jambo hili litafunikwa, na Salu atakwenda alikokwenda kaka yake.

Baba hakunyoosha mkono.

"Bwana afya, choo hiki hakijaingia mtu," akasema. "Ndiyo maana kisafi."

Watu wakaangua kicheko. Akangoja wanyamaze.

"Mwaka jana nilichimba mashimo mawili hapa nyumbani. Hili la futi kumi na mbili halijamsaidia mtu. La pili nilimchimbia mjukuu wangu. Halikunifika kiunoni."

Kwandu alikuwa amesimama kati ya wanawake, amejifunika khanga usoni, na baba hakuelekea upande wake. Aliuambia ukuta wa nyumba. "Kuanzia leo humu naingia mimi, kila mtu ajue. Mama Salu nitamchimbia chake, nyuma ya nyumba yake, mlango utazame shamba. Mimi huko sitapita. Na sabuni hiyo mpe yeye."

"Nani atakuvutia udongo, mzee?" mwenyekiti akauliza.

Wanaume wakatazama mawingu. Kila mtu alikuwa na shamba lake linamngoja, na vijana walikuwa kwenye malori. Mimi mwenyewe bega langu la kulia lilivunjika zamani, debe la udongo siliwezi.

"Wifi," Kwandu akasema ndani ya khanga, kwa sauti ya kusikika, "mwambie baba nitavuta mimi. Akiwa chini hanioni, na mimi simwoni."

Bibi mmoja akapiga makofi ya kushangaa. Baba akauambia ukuta, "Sawa."

Siku mbili za kwanza alichimba peke yake, akirusha udongo nje kwa beleshi. Siku ya tatu, shimo lilipompita kichwa, Kwandu akaja. Alinipa Salu nimpakate, akashika kamba, akaligeuzia shimo mgongo. Tukasikia sururu, kisha beleshi, kisha kimya. Debe lilikuwa limejaa, lakini Kwandu hawezi kuangalia chini, na baba hana mtu wa kumtuma. Nikafumbua mdomo niseme mimi, kama kawaida yangu.

Sauti ya baba ikatangulia kutoka ardhini, neno lake la kwanza kwa Kwandu tangu aolewe kwetu.

"Vuta, mwanangu."