Mkate wa Mamkubwa na Safari ya Riyadh

Mamkubwa wangu wa Jeddah haingizi siki nyumbani mpaka aisome chupa mbele na nyuma, akitafuta kileo. Chokoleti za zawadi huzipekua kuliko afisa forodha wa bandarini, na aliwahi kuirudisha dukani chupa ya vanila kwa sababu tu muuzaji alisita kumjibu. Kwa hiyo katika ukoo wetu chakula kilichotoka jikoni kwake hakiulizwi. Unakula na kushukuru.

Fahari yake ni mkate wa kumimina wa Idi: unga wa mchele, tui na iliki, kama ulivyopikwa Unguja kabla wazee hawajahamia huku. Tatizo ni kwamba ulikuwa ukikauka, naye akabuni dawa. Kila Ramadhani ikifika katikati, huloweka tende kwenye mtungi wa plastiki, akatia sukari na hamira kidogo "zikolee", kisha akauficha mtungi nyuma ya mashine ya kufulia, penye joto. Siku ya Idi huyachuja maji yale na kuumwagia mkate mpaka ulowe chapachapa. Mwaka ninaousimulia, kifuniko kiliruka chenyewe kabla ya siku. Mamkubwa alisema ni baraka imezidi.

Miaka yote nilikula mkate ule nikalala hadi Magharibi, na sote tuliuita usingizi wa Idi. Bamkubwa, mumewe, alikuwa akicheka peke yake sebuleni, tukasema mzee ana furaha ya sikukuu. Lakini mwaka ule nilikuwa dereva. Nilikuja na gari langu kutoka Riyadh pamoja na wanangu wawili, na ilinilazimu kuondoka alasiri ile ile, kwa sababu nilifanya kazi mapokezi katika hoteli moja ya huko, mtaa wa Olaya, na hoteli haijui Idi. Bosi alinipa ruhusa shingo upande, akaapa kwamba nikichelewa tena, kazi sina.

Nilikula vipande vitatu. Watoto waliususa, wakala chokoleti zilizopita ukaguzi.

Nikatoka kulisogeza gari mlangoni tupakie mizigo. Mimi niliyezoea kujisifu kwa kuegesha, nilipanda ukingo wa njia na kulilaza pipa la taka. Kilichonitisha baadaye ni kwamba wakati ule niliona inachekesha. Nilicheka hadi machozi yakanitoka. Halafu nikawaona wanangu mlangoni na mabegi yao, wananitazama, na hawacheki. Kicheko kilinikauka. Kilomita zote zile hadi Riyadh, na wao ndio wangekaa nyuma yangu.

Dada wa kazi wa Mamkubwa, Mkristo kutoka Kenya, alikuja kulisimamisha pipa.

"Dada, leo usidrive," alininong'oneza. "Hiyo maji ya madam imeiva kabisa."

"Mbona hukusema?"

"Niseme aje? Nitaulizwa hiyo harufu nimeijulia wapi. Halafu atakayepelekwa airport ni mimi, sio mtungi."

Nilirudi sebuleni, na jina lake sikulitaja. "Mamkubwa, siondoki leo. Mkate una kileo."

"Alaa! Kileo nyumbani kwangu? Tende nimenunua mwenyewe, sukari nimetia mwenyewe! Hicho kileo kimepita mlango gani?"

"Kimezaliwa humu humu, Mamkubwa."

Aliniletea kahawa, akaniambia ninawe uso niende zangu. Nilikunywa vikombe vitano. Sasa nilikuwa mlevi mwenye macho makavu. Nilipokataa tena, alianza kulia.

"Ukilala hapa umenitangaza, mwanangu. Watu watasema nimewalewesha watoto wa ndugu yangu siku ya Idi. Nenda, waone huna kitu!"

Yaani nivuke jangwa na watoto wangu ili kuusafisha mkate jina! Nilikasirika, nikampigia bosi mbele yake. Nilimwambia siwezi kuendesha, na kwamba kesho sitawahi.

"Halas, kazi huna," alisema, akakata simu.

Bamkubwa alikuwa akicheka muda wote huo. Yeye hajashika usukani tangu Idi moja ya miaka ya nyuma, alipotoka kwenda kuwapa mkono jamaa akagonga nguzo ya taa mchana kweupe, akavunjika mguu. Gari lilikuwa jipya, na familia nzima ilikubaliana kuwa ni kijicho. Sasa aliacha kucheka, akaiweka sahani chini.

"Ile siku ya nguzo," alimuuliza mkewe taratibu, "nilikuwa nimekula vipande vingapi?"

Mamkubwa alikuwa amekwisha kushika kisu, anakata kipande ale mbele yetu kututhibitishia. Alikiacha kisu. Alilibeba sinia lote la mkate kwenda jikoni, na tukasikia bomba likifunguliwa, maji yakimwagika muda mrefu.