Mwandishi Wetu wa Redio

Wifi yangu, fundi cherehani, ni mtu wa watu, lakini kwa yule mwandishi wa redio alizidisha. Kikundi chetu cha mtaa kilipomchagua wifi awe msemaji, alisema kuhusu mwandishi, "Huyu tusimtafute siku ya shida tu. Tumjue, naye atujue." Basi mama yake mwandishi akilazwa, wifi yuko hospitali. Mtoto wake akianza shule, sare kashona wifi, bure. Nilimtania, "Huyo umemzaa wewe nini?" Lakini nisiwe mnafiki, ilisaidia. Bomba likipasuka, jioni tunajisikia redioni, kesho yake mafundi hao.

Ndipo likaja tangazo: zahanati yetu itafungwa mwisho wa mwezi, kiwanja apewe mwekezaji. Mwenye pingamizi aseme mapema. Kaka yangu, mumewe wifi, ana sukari na kidonda mguuni. Kilisafishwa hapo zahanati kila asubuhi. Hospitali kubwa iko mbali, na kaka hatembei.

Wifi akampigia mwandishi. Akaja siku hiyohiyo, akatuhoji wote, mpaka kaka kitandani.

Haikupita wiki, dada mmoja wa gazeti akabisha hodi akitaka habari ileile. Wifi akampa kiti, habari akamnyima.

"Tumeshampa wetu, mwanangu. Tukikupa na wewe tutakuwa tumemvunjia heshima."

Jamani, nilipandwa na hasira! "Wifi, hii ni habari, siyo posa!" Akacheka tu. Yule dada akaaga, akaenda zake.

Tukaikalia redio. Asubuhi nyimbo, jioni nyimbo. "Anaiandaa vizuri," wifi akasema. Mwezi ukaisha, zahanati ikapigwa kufuli.

Mwandishi alikuja baadaye, akasimama mlangoni, kuingia hataki. Kumbe redio ilikuwa imemwachisha kazi hata kabla wifi hajampigia simu.

"Nilishindwa kukwambia, mama," akasema. "Uliniita kwa furaha mno. Nikaona nije tu niwasikilize."

Nilimtukana, tena matusi ya nguoni. Wifi akaninyamazisha. Akamuuliza yule kijana, "Sasa watoto wanakula nini?"

Kaka akaita kutoka chumbani, "Nani huyo?"

"Mwandishi," wifi akajibu.

"Ah, afadhali! Mwambie aingie. Kidonda kimepanda mpaka gotini, atangaze na hilo."